Kusaga Zaidi Si Kupunguza Zaidi: Kikomo cha Punje za Metali katika Kinu cha Gololi

Mahindi yakisagwa tena na tena, unga wake huzidi kulainika. Taswira hiyo ikihamishiwa kwenye metali hupotosha. Ndani ya kinu cha gololi, unga wa metali hugongwa, hupondwa bapa, huungana na kuvunjika tena. Chembe ya unga huweza kubaki na upana wa maikromita kadhaa, ilhali ndani yake mna punje nyingi za fuwele zenye nanomita chache tu. Makala haya yanadai kwamba punje hizo hazitokani na kuvunjwa, bali na urari kati ya kasoro zinazozalishwa na zinazofutika. Kwa hiyo saa za kusaga, peke yake, hazipimi ubora wa kazi.

Mwaka 1990 Hans Fecht na wenzake walizieleza hatua za mabadiliko haya. Kwanza, mgeuko wa umbo hukusanyika katika mikanda myembamba iliyosongamana dislokesheni, yaani kasoro za mstari katika mpangilio wa atomu. Kisha sehemu ya dislokesheni hufutana, na nyingine hujipanga kuwa mipaka ya pembe ndogo inayoigawa fuwele. Mwishowe vipande hivyo huzunguka hadi mielekeo yake ikose uhusiano wowote.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni kikomo chenyewe. Alumini hukomea karibu nanomita 22, nikeli 11, paladi 7. Zote tatu zina muundo mmoja wa fuwele, lakini huyeyuka kwenye nyuzijoto Selsiasi 660, 1455 na 1555, kwa mfuatano huohuo. Kama kuvunjika ndiko kungekuwa chanzo, mfuatano huu usingekuwa na maelezo. Kwa hoja ya urari unaeleweka: katika metali inayoyeyuka mapema, atomu husogea kwa urahisi na kasoro hufutika upesi, hivyo punje hubaki kubwa.

Mpinzani atasema kwamba katika metali za muundo mwingine, kama chuma, uhusiano na joto la kuyeyuka ni dhaifu. Ni kweli, na ndiyo maana joto hilo halitoshi kuwa kanuni ya jumla. Hata hivyo chuma nacho hukoma, karibu nanomita 8; kikomo kipo, ingawa kinachokiamua si kimoja kila mahali.

Kikomo kikishafikiwa, saa za ziada huongeza uchafu: chuma kinachomeguka kutoka kwenye gololi na chombo, pamoja na oksijeni na nitrojeni za hewani. Vipimo vya ukubwa wa punje kwa eksirei navyo vinaweza kudanganya. Mistari ya eksirei hupanuka kwa sababu ya udogo wa punje na pia kwa mkazo uliobaki ndani yake. Asiyetenganisha viwili hivyo, kama Williamson na Hall walivyoonyesha mwaka 1953, ataripoti punje ndogo kuliko zilizopo.

Mtafiti anayetaka matokeo yake yarudiwe na wengine hana budi kutaja nishati ya mapigo, joto la kinu, kiasi cha uchafu na namna alivyoutenga mkazo. Mambo hayo ndiyo yanayouamua urari na usahihi wa kipimo chake, na bila hayo tarakimu ya nanomita haiwezi kulinganishwa na nyingine.