Maelezo Yanayosubiri Kuitwa: Kutoka Mabano ya Waller Hadi Simu ya Sikonge

Mwaka 1874, katika kijiji cha Twywell nchini Uingereza, kasisi Horace Waller alikuwa akihariri shajara za mwisho za David Livingstone. Waliomsaidia kuzielewa ni Abdullah Susi na James Chuma, waliosafiri na Livingstone katika safari yake ya mwisho iliyoanza 1866 na ambao, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake kutoka kwa Chitambo hadi pwani. Kila Waller alipokwama kwenye jina la mto, la mtemi au la mmea, wao walieleza. Kazi iliyobaki ilikuwa kuamua maelezo hayo yakae wapi kwenye ukurasa.

Waller aliyatia katikati ya shajara, ndani ya mabano ya mraba. Pale ambapo Livingstone hakuwa na nguvu tena ya kuandika, mabano hayo ni hazina, kwa kuwa bila kumbukumbu za Susi na Chuma tusingejua siku zake za mwisho zilikuwaje. Kwingineko yanachosha. Unafuata msafara, mara sauti ya mwenye shajara inakatika, mhariri anaingia na aya yake, na ukirudi njiani umeshasahau ulikuwa unaelekea wapi.

Chukua sehemu inayohusu nchi ya kusini mwa Tabora, iliko leo Wilaya ya Sikonge. Mwandishi wa habari Stanley alishika njia ya huko Septemba 1871 akipitia Ugunda, maana vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia fupi ya Ujiji. Livingstone naye aliondoka Unyanyembe tarehe 25 Agosti 1872 akaelekea kusini. Msomaji wa London alihitaji kuambiwa Ugunda ni nini, mtemi ana mamlaka gani, na msitu wa miombo unafananaje. Mwanafunzi wa Sikonge akisoma kurasa hizohizo leo, hayo anayajua tangu utotoni. Kinachomtatiza yeye ni ile Jumuiya ya Kijiografia ya London inayotajwa kila mara: ilikuwa chombo gani, na kwa nini watu walihatarisha maisha kuipelekea barua? Maelezo yaliyochapwa humchagua msomaji mmoja na kumwacha mwingine, na kwa miaka mingi aliyeachwa ni huyu wa kwetu.

Walimu wa pwani walikuwa na dawa ya zamani. Katika vitabu vya dini vya Kiarabu, matini hukaa katikati na sherehe yake huandikwa pambizoni, wakati mwingine ikizunguka pande zote. Jicho hushuka na matini, na anayetaka ufafanuzi hugeukia pembeni. Naona huo ni ustaarabu mkubwa wa ukurasa, ila una kikomo. Sherehe ikizidi, matini hubaki kama kisiwa.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja, alikwenda upande wa pili kabisa. Masimulizi yake ya maisha, aliyoyaandika Unguja kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, hayana maelezo. Anataja Tabora, watemi na wafanyabiashara kama mtu anayezungumza barazani na jamaa wanaowajua wote hao. Heinrich Brode aliyachapisha kwa herufi za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903, naye mtaalamu wa Kiswahili Whiteley akayatoa upya mwishoni mwa miaka ya 1950, Kiswahili na Kiingereza pamoja. Mwaka 1974 François Bontinck alileta tafsiri ya Kifaransa yenye tanbihi nyingi mno, na anayetaka kumtambua kila mtu humo hushinda akifunua mbele na nyuma. Ni kazi ya thamani kubwa, lakini inahitaji mikono miwili na subira.

Tabora yenyewe ina sehemu yake katika historia ya tanbihi za Kiswahili. Canon Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923 pamoja na maelezo yake. Wanajumuiya wa Ahmadiyya, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad aliyefanya makao Tabora, wakatoa yao mwaka 1953, na miongoni mwa waliomsaidia ni Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyesoma Tabora. Sheikh Abdullah Saleh Farsy akakamilisha yake mwaka 1969. Mjadala mkali kati ya pande hizo ulifanyika ndani ya maelezo, kila mmoja akijibu aliyemtangulia.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 1965 Ted Nelson, Mmarekani, alitangaza wazo la maandishi yaliyounganishwa kwa viungo, na kuanzia 1989 Tim Berners-Lee akaujenga mtandao wa kurasa juu ya wazo la namna hiyo. Kiungo kiliondoa mrundikano kwa kuyapeleka maelezo ukurasa mwingine, lakini kilimhamisha na msomaji. Dirisha dogo linaloibuka juu ya ukurasa lingeweza kumbakiza alipo. Bahati mbaya lilitekwa na matangazo mapema: Ethan Zuckerman, aliyeandika programu ya tangazo la aina hiyo katika kampuni ya Tripod miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014.

Wikipedia ililirudishia dirisha hilo heshima. Tangu 2018, anayesoma kwa kompyuta akituliza kishale juu ya kiungo huoneshwa kidirisha chenye mwanzo wa makala husika na picha. Akikiondoa, kidirisha hutoweka. Hapa ndipo msomaji wa London na wa Sikonge wanapoweza kusoma ukurasa mmoja, kila mmoja akiita maelezo anayoyahitaji mwenyewe.

Lakini simu haina kishale cha kutuliza, na wengi wetu tunasoma kwa simu. Kwenye simu, tanbihi ya Wikipedia ikiguswa hupanda kutoka chini ya kioo, matini ikabaki juu yake. Ningependa magazeti yetu ya mtandaoni yaige hilo: mguso mmoja, sentensi mbili tatu, na njia rahisi ya kufunga.

Kidirisha huonesha mwanzo wa makala tu, kwa hiyo kila kitu kinategemea aya ya kwanza. Katika Wikipedia ya Kiswahili, makala za kata za Sikonge, kama Ipole, kwa kawaida huanza kwa kutaja wilaya, mkoa na idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Asali, tumbaku, watemi wa Ugunda, Wamoravian na hospitali yao, misafara ya 1871 na 1872: hayo bado yanahitaji mtu wa Sikonge wa kuyaandika.