Forodhani, Bustani ya Jioni ya Mji Mkongwe

Bustani ya Forodhani iko ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib. Si kubwa; mtu huizunguka kwa dakika chache. Hata hivyo vitabu vya kuwaongoza watalii huitaja karibu vyote, na mwenyeji wa mjini ambaye hajawahi kukaa juu ya ukuta wake akipunga upepo wa jioni ni nadra kumpata.

Kabla ya kuwa mahali pa mapumziko, hapa palikuwa mahali pa jasho. Katika karne ya 19 ndipo ilipokuwa forodha ya Sultani. Pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na majora ya merikani vilipita mikononi mwa wapagazi na makarani, na bidhaa zilizoingia zilitozwa ushuru wa asilimia 5. Ukusanyaji wa ushuru huo ulikodishwa kwa wafanyabiashara wenye asili ya India: kwanza nyumba ya Jairam Shivji, baadaye Tharia Topan. Watumwa nao walipitishwa kwenye bandari hii, mpaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara hiyo kwa njia ya bahari. Hilo halipaswi kuachwa nje ya simulizi la bustani kwa sababu tu mahali penyewe sasa panapendeza.

Barghash ndiye aliyeupa ufukwe huu sura yake ya fahari alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba la sherehe lenye baraza pana zinazotazama bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga eneo la kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, zikabomoa sehemu kubwa ya majengo ya jirani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijengwa reli nyembamba ya kwenda Bububu, ikianzia karibu na Ngome Kongwe. Kisha gati jipya likajengwa Malindi katika miaka ya 1920. Shughuli za bandari zilipohamia huko, kiwanja kilichokuwa na mabohari na mizigo kikabaki wazi, katikati ya majengo mazuri kuliko yote mjini.

Ndipo ilipozaliwa bustani. Ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1930 na kupewa jina la Jubilii, kwa heshima ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 chini ya ulinzi wa Waingereza. Palipandwa miti ya kivuli, zikapangwa njia za kutembea, na pakajengwa jukwaa ambapo bendi iliwapigia watu muziki. Mwaka 1956 Princess Margaret wa Uingereza alipoizuru Zanzibar, ukingoni mwa bahari palijengwa tao jeupe la kumpokelea. Kwa serikali ya wakati huo, bustani ilikuwa sehemu ya maonyesho ya utawala: ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuonwa na mgeni anayekuja kwa bahari, na ilikusudiwa kumwambia kwamba mji una utulivu na nidhamu. Ng'ambo, upande wa pili wa mji, ambako wakazi wengi waliishi kwenye nyumba za udongo na makuti, hakukuwa na kitu cha kufanana nayo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jina la kifalme likafa, na watu wakabaki na Forodhani, jina ambalo kazi ya zamani ya mahali hapo ilikuwa imeliacha. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa ya matumizi. Familia zilizohamia katika nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa na vyumba vichache na joto jingi, na bustani ikawa baraza yao. Ratiba yake waliipanga wao: mchana wazee kivulini, alasiri vijana baharini, baada ya Magharibi kinamama na watoto. Mwezi wa Ramadhani umati ulizidi, kwa kuwa mji mzima hukesha.

Soko la chakula la usiku lilikua kutokana na umati huo. Halikuanzia kwenye mpango wa utalii. Wachuuzi walifuata wateja walipo, na wateja walikuwa wenyeji. Vyakula vyake vinalithibitisha hilo. Urojo, ule mchuzi wa manjano mzito wenye ukali wa embe au ndimu, hutiwa viazi, bajia, kachori, mishikaki, chatne ya nazi na chipsi za muhogo, ukanywewa bakulini umesimama. Miwa hupitishwa mara kadhaa kwenye mashine ya gurudumu pamoja na ndimu na tangawizi. Ile inayoitwa pizza ya Zanzibar huanza na donge la unga linalotandazwa hadi kuwa jembamba, likawekwa kima, kitunguu na yai, likakunjwa pembe nne na kukaangwa kwenye bati. Ni chapati ya kujazwa iliyopewa jina la kumvutia mgeni, na jina hilo limefanya kazi yake vizuri: leo ndilo tangazo maarufu kuliko mabango mengi ya utalii.

Watalii walianza kuja kwa wingi baada ya bei ya karafuu kuporomoka katika miaka ya 1980. Serikali ililazimika kutafuta fedha za kigeni kwingine. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe, mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuwavutia wawekezaji, na Kamisheni ya Utalii ikaanzishwa miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 2000 UNESCO ikautia Mji Mkongwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Bustani yenyewe wakati huo ilikuwa imechakaa: ukuta wa bahari ukiliwa na mawimbi, taa chache, nyasi zimekwisha, mitaro imeziba. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulifanya ukarabati kuanzia 2008, na bustani ikafunguliwa tena mwaka 2009 ikiwa na ukuta ulioimarishwa, taa, njia mpya, uwanja wa michezo ya watoto na eneo maalumu la wauza chakula. Uamuzi ulio bora kuliko yote ni kwamba haikuwekewa kiingilio.

Tangu hapo picha ya Forodhani imeuzwa kwa nguvu zaidi. Matamasha kama lile la filamu la ZIFF na lile la muziki la Sauti za Busara, yanayofanyika Ngome Kongwe, huwamwaga mamia ya wageni bustanini kila usiku wa tamasha. Vijana wa makachu, wanaojirusha baharini kutoka ukutani kwa mikogo ya kila aina, wameenea duniani kwa video za simu bila bajeti yoyote ya matangazo. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000, idadi kubwa kwa visiwa vyenye watu chini ya milioni 2.

Wingi huo una gharama yake. Meza nyingi sasa hupanga mishikaki ya kamba, ngisi na pweza kwa bei ambayo mwenyeji haiwezi, na bei hiyo aghalabu haikubandikwa popote. Mgeni hutajiwa yake na mwenyeji yake. Papasi, wale vijana wanaowatafutia wageni huduma ili wapate chochote, huwaandama tangu wanapoingia. Familia zilizokuwa zikila hapa kila wiki huja siku za sikukuu tu. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu, ikakumbusha jinsi majengo yanayotangazwa kila siku yanavyoweza kukosa matunzo.

Mtalii haji Forodhani kutazama nyasi. Huja kwa sababu watu wa mji wapo, wanakula, wanacheka na watoto wao wanaogelea. Wakiondoka wao, kitakachobaki ni uwanja wa mikahawa ambao pwani yoyote inao. Kwa hiyo anayepanga matengenezo yajayo aanze na bei ya urojo na nafasi ya mwenyeji ukutani, ndipo ahesabu meza za wageni.