Kandili, Mlango na Biblia: Ishara za Kidini katika Uchoraji wa Enzi ya Malkia Victoria na Jiwe la Mugere

Kusini mwa Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, pana jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Baadhi ya wageni huamini kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakasafiri kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, ambako walithibitisha kuwa Mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Makala hii inahoji kwamba uzito wa kiishara unaopewa mkutano wa Wazungu wawili hauwezi kueleweka bila kuzingatia picha ambazo umma wa Uingereza wa enzi hiyo ulifunzwa kuitazamia Afrika. Michoro miwili inatosha kulibainisha jambo hilo.

Mchoro wa kwanza ni *The Light of the World* wa William Holman Hunt, uliochorwa kati ya 1851 na 1853 na ambao sasa umo katika Chuo cha Keble, Oxford. Kristo amesimama usiku, amevaa taji la miiba, ameshika kandili, naye anabisha mlango uliozingirwa na magugu. Mlango huo hauna kishikio kwa nje. Ishara hiyo, iliyojengwa juu ya Ufunuo 3:20, ina maana bayana: moyo wa binadamu hufunguliwa kutoka ndani, na mbishaji hana budi kungoja. Nakala kubwa zaidi ya mchoro huo ilizungushwa Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini kati ya 1905 na 1907, kabla ya kuwekwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Hivyo picha ya subira ilisafirishwa katika njia za dola.

Mchoro wa pili, *The Secret of England's Greatness* wa Thomas Jones Barker, wa mnamo 1863, hauna subira hiyo. Malkia Victoria amesimama katika jumba la Windsor akimkabidhi Biblia mjumbe wa Kiafrika aliyepiga goti. Mwana wa mfalme Albert, aliyefariki 1861, yumo pichani kama aliye hai. Hakuna kumbukumbu inayothibitisha kwamba tukio hilo lilipata kutokea. Mlango wenyewe umetoweka. Mpokeaji hana nafasi ya kufungua wala kukataa.

Baadhi ya watafiti wamependekeza kwamba taswira ya mjumbe huyo ilitokana na Ali bin Nasr, liwali wa Mombasa, aliyetumwa London na Sayyid Said mwaka 1838 na tena 1842. Pendekezo hilo likikubaliwa, upotoshaji unakuwa mkubwa zaidi: mwanadiplomasia Mwislamu, mwakilishi wa mtawala aliyefunga mkataba wa biashara na Uingereza mwaka 1839, anageuzwa mwombaji wa kitabu cha dini nyingine. Hata likikataliwa, hoja inabaki palepale. Mchoro si ushahidi wa tukio. Ni ushahidi wa imani ya waliouchora na kuutazama.

Historia ya mwambao wa ziwa inaikanusha taswira hiyo. Wamisionari wa Afrika, waitwao pia Mapadri Weupe, walifika Rumonge mwaka 1879. Mwaka 1881 watatu katika kundi lao waliuawa na kituo kikaachwa. Misheni za kudumu zilianza Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, wakati Wajerumani walikwisha kuweka kambi yao Usumbura, Bujumbura ya leo. Kwa upande mwingine, Kiswahili na Uislamu vilifika huko kwa njia za misafara na biashara, na mtaa wa Buyenzi ungali unaubeba urithi huo. Mlango, kwa hiyo, ulikuwapo, na wenyeji walikuwa na kauli juu ya nani aingie.

Mambo matatu yanafuata kwa watunga sera. Kwanza, maelezo ya wageni huko Mugere yaseme wazi kwamba mkutano wa kwanza ulikuwa Ujiji, na yawataje wapiga makasia, wakalimani na waongozaji ambao jiwe limewanyamazia. Pili, vitabu vya shule vinavyotumia michoro ya enzi hiyo vimwelekeze mwanafunzi kuuliza nani aliichora, kwa ajili ya nani, na nini kimeachwa nje. Tatu, Burundi ikiwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, maelezo hayo yaandikwe pia kwa Kiswahili, sambamba na Kirundi na Kifaransa. Jiwe likiachwa bila maelezo litaendelea kufanya kazi ya mchoro wa Barker: kuwaonyesha watu wawili na kuwaficha wengine wote.