Chaguzi Ndogo za Ubunge Kandokando ya Ziwa Victoria

Chaguzi ndogo hufanyika kujaza jimbo lililobaki wazi kabla ya uchaguzi mkuu mwingine. Katika mikoa ya Tanzania inayopakana na Ziwa Victoria, chaguzi zilizokumbukwa zaidi zimetokana na kifo cha mbunge au na mbunge kuhama chama.

Misiba iliandamana miaka ya 2008 na 2009. Chacha Wangwe, mbunge wa Tarime kwa tiketi ya Chadema, alifariki kwa ajali ya gari Julai 2008. Oktoba, Charles Mwera akakilindia chama kiti hicho. Mei 2009 ikafuata Busanda, wakati huo ikiwa ndani ya mkoa wa Mwanza, ambako Lolesia Bukwimba alibakiza jimbo mikononi mwa CCM. Julai ilikuwa zamu ya Biharamulo Magharibi, kiti cha marehemu Phares Kabuye wa TLP. Oscar Mukasa wa CCM alimshinda Anthony Mbassa wa Chadema kwa kura chache.

Waliodhani matokeo hayo yameonyesha jimbo ni la nani walikosea. Mwaka 2010 Mbassa aliichukua Biharamulo, nayo Tarime ikaenda CCM. Mwaka huohuo Chadema ilinyakua Nyamagana, Ilemela na Ukerewe; miaka mitano baadaye Nyamagana na Ilemela zikarudi CCM. Mpiga kura wa ukanda huu hafungwi na kadi ya chama, na uchaguzi mdogo, ambamo vigogo wa kitaifa humiminika jimbo moja, hupima zaidi nguvu za kampeni ya siku chache. Joto lake si dogo. Usiku wa kuamkia uchaguzi mdogo wa udiwani wa kata ya Kirumba, Mwanza, Aprili 2012, wabunge wawili wa Chadema, Highness Kiwia na Salvatory Machemli, walishambuliwa kwa mapanga.

Kuhama chama ni jambo jingine. Ibara ya 71 ya Katiba humvua ubunge anayeacha chama kilichomdhamini. Kanada haina sharti hilo: mbunge huhamia upande wa pili na kiti chake. Sharti la Tanzania lina haki ndani yake, kwa kuwa humrudisha mhamaji kwa waliomchagua, lakini hulinda sauti yao pale tu penye mshindani. Wimbi la 2017 na 2018, wahamaji waliposema wanaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli, lilifika Ukerewe Oktoba 2018: Joseph Mkundi alijiuzulu Chadema, CCM ikamsimamisha, akapita bila kupingwa. Wananchi wa Ukerewe hawakupiga kura yoyote juu ya uhamisho huo, na hapo ndipo uchaguzi mdogo ulipokosa maana yake. Kura waliipata Oktoba 2020, katika uchaguzi mkuu, na Mkundi akatangazwa mshindi kwa tiketi ya CCM.