Barabara ya Tarbaj ilivyobadili wenyewe huku mafuriko yakirudi pale pale

Majina ya mahali katika kaunti ndogo ya Tarbaj, kaskazini mwa mji wa Wajir, yanazungumza maji. Wargadud kwa Kisomali ni silanga jekundu. Elben inaanza na neno la kisima, sawa na El Wak iliyo mbele yake katika barabara ya Mandera, ambayo maana yake ni visima vya Mungu. Wafugaji waliotoa majina hayo walijua maji hukaa wapi, hupita wapi na hukauka lini. Ujuzi huo ndio uliokosekana kila mara ofisi ya mbali ilipopitisha barabara katika nchi hii.

Mgeni hushangaa kusikia habari ya mafuriko huku. Mvua ya mwaka mzima Wajir haifikii ile ambayo Kakamega hupata kwa miezi miwili ya masika. Lakini mvua hiyo chache huja kwa kishindo katika misimu miwili, Gu kati ya Machi na Mei na Deyr kati ya Oktoba na Desemba. Nchi ni tambarare, kwa hivyo maji hayana mteremko wa kuyavuta haraka. Hutanda kama shuka juu ya udongo, kisha hutafuta laga, yale makorongo yanayokaa makavu miezi mingi na kugeuka mito kwa usiku mmoja.

Katika nchi ya namna hii barabara yenyewe inaweza kuzaa mafuriko. Greda ikikwangua udongo kila mwaka bila changarawe kurudishwa, barabara huzama chini ya uso wa ardhi, na mvua ya kwanza huigeuza mto. Madereva huchepuka na kufungua njia ya pembeni, nayo huzama vivyo hivyo. Tuta likiinuliwa bila kalvati za kutosha, madhara huja kwa upande mwingine: tuta linakuwa ukuta, maboma ya upande mmoja yanaingiwa na maji, na silanga la upande wa pili, lililokuwa likijazwa na maji hayo hayo, linabaki tupu. Familia moja inapoteza nyumba na nyingine inapoteza mbuzi, zote kwa sababu ya tuta moja.

Njia za kwanza za magari huku hazikufunguliwa kwa ajili ya wenyeji. Serikali ya kikoloni iliitangaza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa mwaka 1926, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Barabara ilikuwa ya mkuu wa wilaya, askari na posta. Vita Kuu ya Pili ilipofika, eneo hili likawa uwanja wa majeshi, na Desemba 16, 1940 vikosi vya Afrika Kusini na Gold Coast viliivamia El Wak iliyokuwa mikononi mwa Waitaliano. Kilichotakiwa ni lori la jeshi lifike. Maji yatapita wapi baada ya lori kuondoka, hilo halikuwa swali la mtu yeyote.

Jibu lilikuja mwishoni mwa 1961, katika mvua kubwa ambazo wazee wengi nchini bado wanaziita mvua za Uhuru. Mto Tana ulivunja kingo, kaskazini ikakatika na nchi nyingine, na ndege za jeshi la Uingereza zikadondosha chakula kutoka angani. Hivyo Kenya ilielekea uhuru ikiwa na fundisho mkononi kwamba kaskazini mashariki haihitaji ukame peke yake ili ife njaa. Barabara ikikatika, njaa inafuata.

Fundisho hilo halikushikwa. Uhuru ulikuja na mabaraza ya kaunti, lakini pia na vita vya kujitenga vya Shifta vilivyoendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa mpaka 1991. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapoleta faida ya haraka, yaani nyanda zenye mvua na rutuba. Kisha sheria ya mwaka 1969 ikayanyang'anya mabaraza ya kaunti kazi tatu kubwa: shule za msingi, afya na barabara. Kuanzia Januari 1970 baraza la Wajir lilibaki na masoko na ushuru wa mifugo, huku barabara ikiamuliwa wizarani Nairobi.

Miaka ile ile palikuwa na mpango ambao ungeifaa Tarbaj. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mradi wa barabara za vijijini uliotegemea mikono ya watu badala ya mitambo. Barabara ikishakamilika, mkazi mmoja alipewa kipande cha kilomita moja au mbili karibu na kwake, akilipwa ili afyeke, azibue mitaro na kalvati, na ajaze mashimo kabla hayajawa mahandaki. Ulikuwa mpango wa busara na wa gharama ndogo. Lakini ulilenga wilaya za kilimo, na nchi ya wafugaji ikaachwa ingoje greda.

Gharama ya kuachwa huko ilionekana mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliponyesha. Barabara za Garissa na Wajir hazikupitika, na maji yaliyotuama yakawa mazalio ya mbu. Desemba 1997, Garissa iliripoti vifo 170 vya watu waliougua homa iliyoandamana na kutokwa na damu, na uchunguzi ukaonyesha kwamba homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imezuka. Mifugo, ambayo ndiyo akiba ya watu wa huku, ilikufa kwa wingi. Ugonjwa huo ulirudi baada ya mafuriko ya 2006, ukaanzia tena Garissa.

Tangu hapo wenye barabara wamezidi kuongezeka. Bodi ya Barabara iliundwa kwa sheria ya 1999 isimamie tozo ya mafuta. Sheria ya 2007 ikazaa mamlaka za KeNHA kwa barabara kuu na KeRRA kwa zile za mashinani. Mipaka mipya ya 2012 ikaifanya Tarbaj kuwa eneo bunge, na hivyo kupata mgao sawa na maeneo bunge mengine katika asilimia 22 ya tozo hiyo. Ugatuzi wa 2013 ukairudishia Wajir kazi iliyopokonywa mwaka 1970, kwani Katiba inazipa kaunti barabara za kaunti, mitaro ya maji ya mvua mijini, uhifadhi wa udongo na maji, na kukabili majanga. Lakini tangu 2024 magavana na wabunge wamevutana mahakamani juu ya nani atumie Sh10.5 bilioni za tozo hiyo. Laga moja inaweza kukata barabara za KeNHA, KeRRA na kaunti kwa usiku mmoja, na kila ofisi ikaisubiri nyingine.

Mwisho wa 2023, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana, El Niño ilirudi, na barabara za Wajir na Mandera zikakatika huku malori ya chakula yakikwama njiani. Aprili 28, 2024 mashua iliyokuwa ikivusha watu mahali maji yalipofunika barabara ya Garissa, pale Kona Punda, ilipinduka na abiria wakafa. Watu hao walikuwa wasafiri wa kawaida katika barabara kuu ya taifa.

Sasa kuna mradi mkubwa wa lami kutoka Isiolo hadi Mandera, kiasi cha kilomita 740, ukipita Wajir, Tarbaj, Kutulo na El Wak. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 mwaka 2020. Ni neema iliyongojewa kwa miaka mingi, lakini lami hudai tuta, na tuta bila kalvati mahali panapofaa litafanya kosa la zamani kwa nguvu mpya.

Dawa ipo na imejaribiwa nchini. Makueni na Kitui wamechepusha maji ya barabarani yakaingia mashambani na mabwawani, barabara ikapona na mkulima akapata maji. Tarbaj inaweza kufanya hivyo kwa masilanga. Kwanza, wahandisi watembee njia na wazee na wachungaji kabla ya kuchora, waonyeshwe kila mkondo. Pili, vijana wa kila kijiji wapewe mkataba wa kutunza kipande chao mwaka mzima, kama ilivyofanyika kwingine tangu 1974. Tatu, KeNHA, KeRRA na kaunti waketi meza moja kila Septemba, kabla ya Deyr, waamue nani anazibua kalvati ipi. Kazi hizo hudai jembe, sururu na mshahara mdogo unaolipwa kwa wakati. Kuachwa kwa kazi hizo kumeshaigharimu kaskazini mashariki roho za watu, na wananchi wa Tarbaj wana haki ya kuzidai sasa, udongo ukiwa bado mkavu.