Programu ya kuzuia TikTok na kamari imegoma? Kagua haya kabla ya kuifuta



Swali ninaloulizwa sana siku hizi, iwe barazani au nje ya msikiti, ni hili: mtu ameweka programu ya kumzuilia TikTok, siku mbili za mwanzo ikafanya kazi, ya tatu ikaacha. Mwingine ameifunga Facebook na bado inafunguka. Mwingine amezuia tovuti za kamari kwenye simu ya kijana wake, na usiku kijana ameingia vilevile. Mwisho wake programu hufutwa, na mtu husema programu hizi ni bure, au yeye mwenyewe hana azma.

Kwa simu nilizoletewa, ni mara chache programu yenyewe kuwa mbovu. Ama simu imeizima kimyakimya, ama kuna mlango uliosahauliwa wazi. Yafuatayo ni mambo ninayoyakagua, kwa utaratibu ninaoufuata. Nazungumzia simu za Android, kwani ndizo nyingi kwetu. iPhone nitaigusa karibu na mwisho.

1. Ruhusa

Programu kama AppBlock hutazama ni programu gani umeifungua, kisha huifunika kwa ukurasa wake. Ili iweze hilo, kwa kawaida huomba ruhusa ya kuona matumizi ya programu nyingine, ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, na ruhusa ya Ufikivu. Hii ya Ufikivu utaijua kwenye Mipangilio kwa alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Ruhusa moja ikikosekana, kazi huharibika.

Ufikivu huzimika mtu akiisimamisha programu kwa lazima, na wakati mwingine baada ya simu au programu kusasishwa. Ukikuta imezimwa, iwashe. Ukikuta imewashwa na bado haizuii, izime, iwashe tena, kisha zima simu na uiwashe.

Kama kitufe cha ruhusa hiyo kimefifia na hakibonyezeki, na simu yako ni Android 13 kwenda juu, mara nyingi sababu ni kwamba programu haikutoka Play Store. Huenda ilitumwa kwa WhatsApp au ilipakuliwa kwenye tovuti fulani. Usihangaike kuilazimisha. Ruhusa ya Ufikivu humwezesha mwenye programu kusoma yaliyo kwenye skrini na hata kubonyeza kwa niaba yako, na simu hiyo ndiyo yenye M-Pesa na benki yako. Ifute, uchukue ya Play Store.

2. Betri na programu za kusafisha simu

Ikiwa programu hufanya kazi asubuhi na kufa jioni, tazama hapa kwanza. Simu nyingi hujaribu kuokoa chaji kwa kuzizima programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, na programu ya kuzuia kazi yake yote iko huko.

Ingia Mipangilio, Programu, chagua programu yako, kisha Betri, uiruhusu itumie chaji bila kizuizi. Kwa Tecno na Infinix, fungua pia Phone Master na uiruhusu programu ijiwashe yenyewe. Kwa Xiaomi, ruhusa kama hiyo iko ndani ya taarifa za programu. Kwa Samsung, itoe kwenye orodha ya programu zinazolazwa. Halafu ukifungua orodha ya programu ulizotumia karibuni, tafuta alama ya kufuli uifungie humo, ili usiifagie pamoja na nyingine.

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliniletea simu ya mwanawe wa kidato cha tatu. Alikuwa ameshamgombeza kwamba ameizima programu, na mtoto anaapa hakuigusa. Tulipotazama, kumbe kulikuwa na programu ya kusafisha simu iliyokuwa ikiizima kila usiku. Mtoto alikuwa mkweli. Wazazi wenzangu, dini yetu imetukataza dhana mbaya. Kagueni betri kabla ya kumhukumu mtoto.

3. Milango iliyo wazi

Kuifunga Facebook hakuifungi Facebook Lite, na kuifunga TikTok hakuifungi TikTok Lite. Kwa simu ni programu mbalimbali, kila moja ifungwe peke yake. Vilevile tovuti ya Facebook ndani ya Chrome ni mlango mwingine, kwa hiyo ongeza anwani yake kwenye orodha ya tovuti.

Kagua na vivinjari. Programu nyingi huvitambua vivinjari vikubwa tu. Opera Mini ina hali ya kubana data ambayo hupitishia kurasa kwenye mitambo ya Opera, na kichujio kinaweza kushindwa kujua umefungua tovuti gani. Dawa yake ni kubakisha kivinjari kimoja kinachotambuliwa na kuvifunga vingine.

Mwisho, simu nyingi huruhusu kuwa na nakala mbili za programu moja, au kuongeza mtumiaji wa pili. Kizuizi cha upande mmoja huenda kisifike wa pili.

4. VPN

Baadhi ya programu huzuia tovuti kwa kufungua VPN ndani ya simu, na Android huruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja. Wakenya wengi waliweka VPN Novemba 2024, Telegram ilipokuwa haishiki wakati wa mitihani ya kitaifa, na wengine hawajaitoa mpaka leo. Ukiiwasha hiyo, ya kuzuia inajizima. Chagua moja.

5. Saa

Hili ni letu sisi Waswahili. Mtu anataka simu ifungwe kuanzia maghribi hadi isha, yaani saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Anaandika 12:00 hadi 2:00. Simu haijui saa zetu, itafunga adhuhuri. Andika 18:00 hadi 20:00.

Ratiba inayovuka usiku wa manane, kama 22:00 hadi 5:00, baadhi ya programu haziielewi. Igawe: 22:00 hadi 23:59, kisha 0:00 hadi 5:00. Hakikisha pia saa ya simu imewekwa ijirekebishe yenyewe, maana anayeweza kuisogeza saa anaweza kukwepa ratiba.

6. Inapozuia kupita kiasi

Kama hupokei ujumbe wa M-Pesa, adhana ya simu hailii, au ya skuli hayakufikii, huenda uliwasha kufunga programu zote au arifa zote. Weka simu, ujumbe mfupi, M-Pesa na saa ya swala kwenye orodha ya zinazoruhusiwa daima.

Programu nyingi pia zina hali kali isiyokuruhusu kubadili chochote wala kuifuta. Usiiwashe siku ya kwanza. Ijaribu programu wiki nzima kwanza, usije ukajifungia nje. Na programu ikikataa kufutika, subiri muda wa hali kali uishe, kisha uiondoe kwenye orodha ya wasimamizi wa kifaa ndani ya Mipangilio.

7. Wenye iPhone

Tumieni Screen Time, iliyomo ndani ya simu tangu iOS 12 ya mwaka 2018. Ikiwa kikomo kinapitwa kwa kubonyeza tu, basi hamjaweka namba ya siri, au hamjawasha kitufe cha kufunga kabisa muda unapokwisha.

8. Namba ya siri iko kwa nani?

Yote haya yakiwa sawa, na namba ya siri unayo wewe mwenyewe, basi umefunga mlango na ufunguo uko mfukoni. Kwa TikTok hilo laweza kustahimilika. Kwa kamari haliwezi, kwa sababu usiku mmoja tu unaweza kuimaliza ada ya skuli. Mpe mkeo, mumeo au ndugu unayemwamini aiweke namba hiyo wewe usiione. Hakuna aibu katika hilo.

Wassalaam.