"Upepo wa Mabadiliko" na Mlima Rwenzori

Mnamo tarehe 3 Februari 1960, Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Macmillan, aliwaambia wabunge wa Afrika Kusini mjini Cape Town kwamba upepo wa mabadiliko ulikuwa ukivuma barani kote. Alikwisha kuyasema hayo mjini Accra mwezi Januari, ila magazeti hayakuyajali sana. Baada ya Cape Town msemo ulienea, na Kiswahili kikaupokea neno kwa neno.

Haukuwa mgeni kabisa. Watu wa pwani waliishi kwa kaskazi na kusi, wakajua kuwa upepo ukigeuka, jahazi nalo hugeuka. Lakini kaskazi huondoka na kurudi mwakani. Upepo wa Macmillan haukutarajiwa kurudi.

La kuchunguza zaidi ni kwamba upepo hauna mwenyewe. Hata neno mabadiliko linatokana na kitenzi badilika, kisichomtaja mtenda. Linganisha na mageuzi, litokanalo na geuza: hapo pana mtu anayegeuza. Si ajabu kwamba wapigania vyama vingi nchini Kenya na Tanzania miaka ya 1990 walilipenda neno hilo, hata chama cha NCCR-Mageuzi kikalibeba katika jina lake.

Sasa tuutazame msemo huu tukiwa Kyondo na Bwera, wilayani Kasese. Mwaka 1962, Uganda ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru wa tarehe 9 Oktoba, eneo hili lilikuwa chini ya ufalme wa Toro. Wakonzo na Waamba walidai wilaya yao wenyewe, wakakataliwa. Wajumbe wao wakatoka katika baraza la Toro, na tarehe 30 Juni 1962 Rwenzururu ikatangazwa kuwa nchi huru, Isaya Mukirania akiwa kiongozi. Wilaya walizipata mwaka 1974, enzi ya Idi Amin, lakini wapiganaji hawakuweka silaha chini hadi makubaliano ya Agosti 1982. Ufalme wenyewe ulitambuliwa na serikali mwaka 2009.

Mwanafunzi akiandika kwamba upepo wa mabadiliko ulifika Rwenzori, sarufi yake ni sahihi, ila Mukirania na wenzake wametoweka katika sentensi. Tena, upepo wa London ulimhusu Mwingereza anayeondoka. Mkonzo alikuwa akibishana na Toro, ambayo haikuwa ikienda popote. Mwalimu anaweza kumrudishia daftari na swali moja tu: nani alibadilisha nini?